Wabaki Majengo au Wahamie Nala? Kisa cha Familia Moja ya Dodoma

Kilichozusha mjadala ni mashine ya bonanza. Mtoto wa miaka kumi, darasa la nne, alitumwa dukani jioni kununua mafuta ya kula, Majengo, katikati ya Jiji la Dodoma. Mafuta aliyanunua, chenji ikaishia njiani. Mama mmoja mwenye genge la mboga alimkuta mtaa wa pili, kwenye kibaraza cha duka, anasukuma sarafu kwenye ile mashine ya kamari huku vijana wakubwa wamemzunguka wanamshangilia. Akamshika mkono, akamrudisha kwao na chupa yake ya mafuta, akamkabidhi kwa mama yake pale pale kwenye cherehani. Njia nzima alikuwa anamsema.

Baba aliporudi usiku na kusimuliwa, akatamka lile ambalo nyumba nzima ilikuwa inalizunguka tangu zamani: tunahama. Kiwanja wanacho, Nala, pembezoni mwa jiji, nyumba imefikia bati. Mke akajibu kwamba yeye hahami.

Mume ni rafiki yangu, na mkewe namwita shemeji. Kila mmoja alinitafuta kwa wakati wake. Mume alitaka nimuunge mkono, shemeji alitaka nimwambie rafiki yangu aache papara. Nikawaomba tukae wote watatu na daftari, na baadaye nikawaomba ruhusa ya kuyaandika haya. Wamekubali kwa sharti kwamba majina yasitajwe. Nimeona yafaa kuandikwa kwa sababu wapo wengi wenye swali hili hili. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 mjini Dodoma. Ya 2022 ikawakuta 765,179. Watu hao wote lazima wapate pa kulala, na wengi wao wanalea.

Hali ilivyo

Wanaishi kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani: korido katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma wenye bomba moja na vyoo viwili vya kuchangia. Wakazi ni kaya tano, ukimhesabu na mwenye nyumba, bibi mjane anayeishi chumba cha mbele. Familia hii ina vyumba viwili. Kimoja cha wazazi na mtoto mdogo wa miaka miwili na nusu. Cha pili mchana ni sebule, usiku ni chumba cha binti wa kidato cha kwanza na mdogo wake wa darasa la nne. Kodi ni 60,000 kwa chumba, na inalipwa miezi sita kwa mkupuo, yaani 720,000 kila inapofika zamu.

Cherehani ya shemeji iko barazani. Soko la Majengo liko hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo mwanamke ananunua kitenge chake, anapita barazani, anapimwa, anaendelea na safari ya nyanya na vitunguu. Miezi ya sikukuu, na Januari ya sare za shule, shemeji anamzidi mumewe kipato. Miezi ya katikati hafiki hata nusu yake. Mume ni dereva wa ofisi ya serikali. Wizara zilipoanza kuhamia Mji wa Serikali, Mtumba, mwaka 2019, kazi yake ikahamia huko pia, na basi la watumishi linampitia mjini asubuhi.

Sasa itazame ramani. Mtumba iko mashariki, barabara ya kwenda Dar es Salaam. Nala iko magharibi, barabara ya kwenda Singida. Jiji lote liko katikati. Kiwanja walikinunua miaka michache baada ya CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ardhi na ujenzi wa mji, kuvunjwa mwaka 2017, kipindi ambacho halmashauri ilipima maeneo mengi ya pembezoni na kila mtumishi aliyekuwa na akiba kidogo alikimbilia kupata chake. Wakati ule Nala ilikuwa ndiyo bei wanayoiweza. Hakuna aliyeuliza basi la kazini litapita wapi.

Daftari

Hoja ya kwanza ya mume ilikuwa kodi. Mwaka mzima 1,440,000 unampa mtu, na hubaki hata na tofali moja la kuonyesha. Hoja ina uzito wake, na kila dalali wa viwanja hapa mjini anaijua kwa moyo. Lakini tulipoanza kuandika, ile laki na ishirini ya kila mwezi ikawa haikai mfukoni.

Maji kwanza. Bomba halijafika kwenye kiwanja chao. Majirani waliotangulia kuhamia wananunua dumu la lita 20 kwa shilingi 500 kutoka kwa mwenye guta. Watu watano, mmoja wao bado anajikojolea, wakijibana sana watatumia madumu manane kwa siku. Hiyo ni 4,000 kwa siku, 120,000 kwa mwezi. Kodi yote imegeuka maji. Mume akasema ataweka tenki la lita 5,000 awe anajaziwa na boza, na ni kweli bei kwa lita itashuka. Ila tenki na kitako chake ni fedha ya kupatikana kabla ya kuhama, na hapa Dodoma ukinunua maji ni vizuri uulize yametoka kisima gani, kwa maana yapo ya chumvi ambayo utaogea na kufulia tu, ya chai utafute mengine. Hatari hiyo hiyo inamkuta anayechimba kisima chake.

Umeme nao una hesabu yake. Januari 2022 ada ya kuunganishiwa eneo la mjini ilipangwa 320,960 kama nguzo iko karibu, na kijijini 27,000. Kiwanja kiko ndani ya mipaka ya jiji, ila nguzo haiko karibu. Hapo tukaweka alama ya kuuliza tukapita.

Nauli ndiyo iliyonyamazisha meza. Kutoka kiwanjani hadi lami ni bodaboda, kutoka lami hadi mjini ni daladala, halafu ndipo mume akutane na basi la watumishi. Atatoka kitandani kabla ya saa kumi alfajiri. Binti, ambaye shule yake iko mjini, atatoka naye. Mwanafunzi daladala analipa 200, na kila mzazi anajua maana yake: konda akiona sare mbili tatu kituoni anamwambia dereva asisimame. Kwa hiyo atachelewa, au atazoea kuomba lifti.

Mtoto mdogo atahitaji dada wa kazi. Leo hana, kwa sababu anashinda barazani. Na shemeji mwenyewe? Mteja wa kitenge hatamfuata Nala. Itabidi akodi sehemu ya kushonea Majengo, asafiri kila siku, alipe kodi hiyo pamoja na nauli, na jioni awe mtu wa mwisho kufika nyumbani. Tulipojumlisha, miaka miwili ya kwanza Nala ilikuwa ghali kuliko Majengo, na sehemu kubwa ya hasara ilikuwa inaangukia upande wa shemeji. Mume hakuwa ameliona hilo. Si mtu wa dhuluma. Ni kwamba yeye kazi yake iko pale pale popote atakapolala, ndiyo maana kuhama kwake ni suala la umbali tu.

Macho ya mtaa

Fedha haitoshi kuamua mambo ya watoto, na mume alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Akarudi kwenye mashine. "Mtaa ndio unaomfundisha kamari, na ana miaka kumi." Shemeji akamjibu, "Na mtaa ndio uliomleta nyumbani kabla ya magharibi. Huko kwako Nala angeletwa na nani?"

Wote wawili walikuwa wanatumia tukio moja kama ushahidi. Mimi naona hawakulingana uzito. Mashine ni kitu kinachoweza kuondolewa. Sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, na mashine yoyote ya namna hiyo inatakiwa iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wana pa kuanzia. Lakini mama wa genge huwezi kumnunua wala kumwagiza. Amekuwepo pale tangu shemeji ni msichana, anajua nani mtoto wa nani, na anajiona ana haki ya kumkemea. Mtu wa namna hiyo hutokana na miaka mingi ya kukaa sehemu moja.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa karibu, mtazame yule mdogo kuanzia saa tisa mchana. Mama yake ana nguo ya mteja inayotakiwa jioni. Mtoto anaanzia miguuni pa cherehani, anachoka, anavuka kibaraza hadi kwa fundi viatu. Fundi anampa soli kuukuu azipange, anazipanga mbili anaitupa ya tatu barabarani, fundi anaifuata yeye mwenyewe, mtoto anakalishwa tena. Bibi mwenye nyumba anamwita ndani kumpa uji. Anatoka na uji mdomoni, anakutana na kaka yake anayekwenda madrasa, nyumba ya tatu tu kutoka hapo, anataka kumfuata, mpangaji wa chumba cha nyuma anamnyanyua na kumrudisha. Katika muda huo wote mama yake amesimama mara moja. Mpe dada wa kazi mshahara uutakao, hatakupa watu watatu.

Huko Nala, jirani wa karibu wa kiwanja chao yuko baada ya viwanja viwili visivyojengwa. Mtoto wa miaka kumi akitoka shule saa nane, mama yuko mjini, baba yuko Mtumba, binti yuko njiani, huyo mtoto yuko na nani? Mashine ya bonanza leo haipo huko. Kijiwe cha bodaboda pale lami kipo, na simu ipo kila mahali.

Lakini macho hayo yana gharama yake, na hapa namwelewa rafiki yangu. Yeye ametoka Kondoa, hakukulia Majengo kama mkewe. Haoni raha mtoto wake akikaripiwa na mtu asiyemjua vizuri. Haoni raha kwamba alipochukua mkopo kazini, watu wa bombani walikuwa wameshaupangia matumizi. Faragha katika nyumba ya kaya tano ni ndogo, na mwanamume anayefika saa mbili usiku akiwa amechoka anataka mahali pa kukaa bila kusalimia watu wanane kwanza. Shemeji hili analichukulia kama majivuno. Mimi sidhani.

Yale ambayo shemeji alitaka tuyaruke

Shemeji ana tabia ya kuisifia Majengo kama ilivyokuwa alipokuwa mdogo. Nikamwomba tuizungumzie ya leo.

Bajaji na bodaboda zinapita mbele ya baraza kama mto, na soli ya fundi viatu ikitupwa barabarani siku moja mtoto ndiye atakayeifuata. Kuna duka lenye spika inayotangaza bei hadi usiku, na kuna baa ambayo Ijumaa na Jumamosi haimwachi mtu alale kabla ya saa sita. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015, na malalamiko yanapokelewa, ila shemeji hajawahi kulalamika kwa sababu mwenye baa ni mteja wake. Mvua za Januari hadi Machi zinapokuja kwa nguvu, mashimo ya vyoo yanajaa, na bomba la uani liko hatua chache kutoka hapo. Mume aliwahi kulipia matibabu ya homa ya matumbo ya mtoto, na hajasahau. Uwanja wa kuchezea hakuna. Wavulana wanacheza mpira wa makaratasi kati ya magari. Kiwanjani Nala kuna nafasi ya kukimbia hadi uchoke, kufuga kuku, kupanda mti ukaona unakua. Vumbi la Agosti na Septemba liko kote kuwili, na Nala, isiyo na kuta za kuzuia upepo, ndiko litakuwa kali zaidi.

Shemeji alisikiliza yote, akasema, "Haya ni kweli." Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: kwamba yote hayo anaweza kuyavumilia isipokuwa moja, chumba cha binti.

Binti ana miaka kumi na nne. Analala sebuleni kwenye godoro la sakafuni, mdogo wake wa kiume kando, nguo za wateja zimening'inia juu yao. Hana pa kubadilishia nguo mpaka aombe watu watoke. Kusoma usiku anasoma koridoni chini ya taa ya pamoja. Kisha kuna wageni. Ndugu wa Kondoa wakija kutibiwa, Hospitali ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa, wanafikia hapo, maana wafikie wapi? Mjomba akilala sebuleni, binti anapelekwa kwa bibi mwenye nyumba, analala mchagoni kwake. Bibi anampenda, hana neno. Lakini mtoto wa kike wa umri huo hawezi kulelewa kwa kuhamishwa na godoro.

Hapo ndipo nilipoona tumekuwa tukibishania kitu kingine. Kilichowaelemea zaidi ni uchache wa vyumba, wakati wao wote wawili walikuwa wanautaja mtaa. Mtaa wenyewe, ukiondoa kelele na vyoo, unawafanyia kazi kubwa ya malezi bila malipo. Vyumba viwili ndivyo visivyotosha. Kwa kuwa baba alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu kichwani, kila upungufu wa Majengo ulimpeleka Nala moja kwa moja.

Nikauliza kama hakuna chumba kingine hapo hapo. Kilikuwepo. Kijana mmoja wa chuo alikuwa amemaliza masomo na kuondoka, chumba kinachotazamana na sebule yao, na bibi alikuwa hajakipangisha. Elfu sitini. Mume akacheka kwa hasira kidogo, kwamba badala ya kupunguza kodi namwongezea.

Tukamwita binti mwenyewe. Jambo hili watu hulisahau: watoto hupangiwa pa kuishi na wao ndio watakaosafiri. Akaamkia, akakaa, akaulizwa. Alisema anataka chumba. Akasema Nala nyumba ni nzuri, ameiona, "lakini baba, nitakuwa naondoka gizani na kurudi gizani." Akasema kuna mwenzao darasani anayetoka mbali, na tayari kuna bodaboda anayempa lifti za bure. Hakuongeza neno. Baba yake alitazama chini.

Fremu

Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimempa shemeji ushindi wote, na hastahili wote. Nilimwomba ataje nyumba za mstari wao, moja moja, kama zilivyokuwa alipokuwa darasa la saba, na kama zilivyo leo. Alianza kwa furaha. Akafika nyumba ya nne akapunguza sauti. Ya kwanza sasa ni fremu za simu na vipuri. Ya pili bado ni familia. Ya tatu ni gesti. Ya nne ilivunjwa, sasa ni stoo. Ya tano fremu tena, juu wanaongeza ghorofa.

Hili ndilo la kuangaliwa Majengo, kuliko kelele. Jiji linakua, ardhi ya katikati inapanda bei, na mrithi mwenye busara ya fedha anaona fremu moja inamlipa kuliko vyumba viwili vya wapangaji wenye watoto. Hakuna ubaya wa kisheria hapo. Lakini kila nyumba inayogeuka fremu inaondoa macho. Saa mbili usiku milango ya bati inashushwa, anabaki mlinzi mmoja na redio yake. Mama wa genge atakuwepo mradi wapo wa kununua mchicha wa jioni, na wanunuzi wa mchicha wa jioni ni watu wenye jiko hapo mtaani.

Na bibi mwenye nyumba ana zaidi ya miaka themanini. Wanawe wako Dar es Salaam. Siku Mungu akimchukua, sioni nyumba ile ikibaki na wapangaji kwa muda mrefu. Familia hii haina mkataba wa maandishi unaozidi miezi sita. Kwa hiyo wema wa Majengo kwao una muda wake, na mume alikuwa sahihi kutaka kuwa na pengine pa kwenda. Alichokosea ni tarehe.

Tarehe tuliipata kwenye madaftari ya shule. Binti yuko kidato cha kwanza, amebakiza miaka mitatu kamili baada ya huu kumaliza cha nne. Mvulana yuko darasa la nne. Naye, kwa mfumo wa msingi wa miaka saba aliomo, atamaliza la saba mwaka huo huo. Yule mdogo mwanzoni mwa mwaka unaofuata atakuwa anaingia darasa la kwanza. Wote watatu wanabadilisha shule kwa pamoja, jambo ambalo halitajirudia. Kumhamisha mvulana mwaka huu, akiwa ameshasajiliwa kwa upimaji wa kitaifa wa darasa la nne shuleni kwake, ni kujitafutia usumbufu wa makaratasi bila faida. Kuhama mwaka ule, watoto wawili wanaanza upya popote walipo, na wa tatu ndiyo kwanza anaanza.

Mume alipiga hesabu papo hapo. Vyumba vitatu ni 180,000 kwa mwezi. Miezi thelathini na sita ni 6,480,000. "Hiyo ni nyumba, ndugu yangu." Si nyumba, lakini ni plasta, milango, tenki na umeme, na sikuwa na jibu la kumfurahisha. Nilimwambia fedha hiyo ananunua miaka mitatu ya kazi ya mkewe na usalama wa njia ya binti yake, na kama anaona ni ghali aiandike hivyo hivyo kwenye daftari lake. Hakuandika, ila hakubisha.

Aliyelegeza kamba ni shemeji. Alisema chumba cha tatu atakilipa yeye kwa cherehani, na kila mwezi wa sikukuu atatoa fungu liende Nala, kwa sharti moja: jina lake liingie kwenye hati. Kiwanja kiko kwa jina la mume peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwenza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini nyumba ya ndoa kwa maana ya sheria hiyo ni ile wanayoishi pamoja, na Nala hakuna anayeishi. Shemeji hakuwa anajua kifungu. Alikuwa anajua wanawake wawili wa soko waliochangia bati na simenti, kisha wakaambiwa kiwanja si chao. Nilidhani mume atakasirika. Alinyamaza kwa muda, akasema ni haki.

Walipofikia

Chumba cha tatu kimelipiwa miezi sita. Binti amehamia na meza ya kusomea aliyotengenezewa na seremala wa mtaani, na mjomba wa Kondoa alipokuja wiki iliyofuata alilala sebuleni bila mtu kuhamishwa. Suala la mashine lilipelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa na wazazi kadhaa. Mwenye duka ameitoa kibarazani na kuiingiza ndani nyuma ya pazia, jambo ambalo mimi siliiti ufumbuzi, na wazazi wanasema watarudi tena kwa mtendaji. Mvulana kwa sasa hatumwi dukani na noti kubwa.

Mume anakwenda Nala Jumamosi na huyo mvulana. Wanashindilia udongo, wanahakikisha bati na madirisha viko salama, wamepanda miche ya mwarobaini. Yeye bado anaamini miaka mitatu ni mingi na anasema bomba likifika kabla, mjadala utafunguliwa upya. Shemeji anasema ufunguliwe. Wamekubaliana pia kwamba bibi akiuza au wanawe wakichukua nyumba, wanahama mwisho wa muhula huo bila kubishana.

Fomu ya kuongeza jina kwenye hati wameichukua. Bado hawajairudisha.